Mwalimu, naogopa mwaka wa kufundisha wanafunzi nisiowaona

Shikamoo Mwalimu,

Nasoma safu yako kila inapotoka, na leo nimeona nikuandikie kwa sababu najua ulishika chaki miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Uvinza, mkoani Kigoma, upande wa ziwani. Nafundisha Hisabati na Biolojia. Nimeolewa, nina watoto wawili, na mdogo bado ananyonya.

Mwezi uliopita mkuu wa shule alituita walimu watatu ofisini kwake. Akatuambia kuwa kuanzia Januari shule yetu itakuwa pia kituo cha elimu ya masafa, na sisi ndio tutakaoibeba. Wanafunzi ni walioacha shule: mabinti waliopata watoto, vijana walioingia kwenye uvuvi wa dagaa, na wengine waliohama na wazazi wao kwenda kambi za wavuvi huko kusini mwa ziwa. Watasoma hatua ya kwanza, yaani Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa mwaka mmoja, kisha wafanye Mtihani wa Maarifa (QT), ule unaowafungulia njia ya mtihani wa Kidato cha Nne. Watapewa vitini, tutawafundisha kwa simu, na mara mojamoja watakuja kituoni. Waliojiandikisha wamefika 40, na baadhi wanatoka vijiji ambavyo kufika hapa ni kushinda kwenye boti.

Wazo lenyewe nalipenda kwa moyo wote. Hao watoto ni wa kwetu, nawafahamu hata wazazi wao. Lakini tangu siku ile sina amani. Nikiwa darasani huwa najua nani hajaelewa kabla hajafungua mdomo. Kuna anayetafuna kalamu, kuna anayechungulia daftari la jirani, kuna anayeitikia "ndiyo mwalimu" haraka mno. Hapo narudi nyuma, nabadilisha mfano, namwita ubaoni tufanye pamoja. Huo ndio ualimu ninaoujua. Januari nitakuwa naongea na simu, na sijui upande wa pili kuna nini.

Yaliyotokea 2020 hayajanitoka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alipotangaza tarehe 17 Machi kwamba shule zifungwe siku 30 kwa ajili ya korona, tulidhani ni mwezi huo tu. Kidato cha Sita wakarudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Katikati hapo vipindi vilirushwa kwenye redio na televisheni, lakini huku kwetu televisheni iko kwenye kibanda umiza, na pale watu hulipa kuangalia mpira. Mimi na mwenzangu tuliandika maswali, tukayadurufu kwa hela yetu, tukayaacha dukani ili wanafunzi wapitie kuyachukua. Yalichukuliwa. Nani aliyafanya, nani alifungia maandazi, sikujua hadi leo. Shule zilipofunguliwa, Kidato cha Pili kilirudi pungufu. Mmoja wa ambao hawakurudi alikuwa msichana aliyewashinda wote kwa Hisabati darasani kwangu. Nimeona jina lake kwenye orodha ya Januari. Nilifurahi, kisha nikaogopa zaidi, maana huyu nikimpoteza tena kwa njia ileile sitajisamehe.

Wenzangu wawili nao kila mmoja ana lake. Kuna kijana anayejitolea, wa Kiswahili na Historia, yeye amechangamka na ameshafungua grupu la WhatsApp, lakini juzi aliniambia faraghani kwamba hana hakika kama atakula mwezi huo, sembuse kununua bando. Mwingine ni mzee wetu wa Kiingereza na Jiografia, amebakiza muda mfupi astaafu, ana kitochi tu. Alisema mbele ya mkuu kwamba hakusomea kufundisha hewa, na akitoka hapo ataomba apangiwe kazi nyingine. Stafu nzima ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alilosema ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Kuna wengine wanatutania kuwa tumepata ulaji. Ulaji gani, Mwalimu? Nilipouliza bando ni la nani, nilijibiwa tuanze kwanza, mengine yatafuata.

Mume wangu hajakataa. Ila ameniuliza hao vijana wa miaka 20 watakuwa wananipigia saa ngapi, na sikuwa na jibu.

Kwa sasa kila usiku mtoto akishalala nachukua simu najirekodi nikieleza sehemu na namba hasi. Nikijisikiliza naona kama ninamsomea mtu barua ya ofisi, nafuta. Naanza upya, nafuta. Likizo ya Desemba inakaribia na sina hata somo moja mkononi.

Nikatae kazi hii? Nikikubali, nijiandaeje ili nisiwe mwaka mzima naongea peke yangu? Na hii hofu ni ya kawaida, au mimi si mwalimu kama nilivyokuwa nadhani?

Mwalimu wa Ziwani, Uvinza

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku wa kurekodi na kufuta.

Nianze na swali lako la mwisho. Hofu yako ni ya mtu anayeijua kazi yake. Mwalimu asiyejali kama mtoto ameelewa hasumbuki kumkosa machoni. Atatuma kitini, atatuma sauti ya nusu saa, atajaza kwenye jedwali kwamba mada imefundishwa. Wewe umeshaona mapema ni kitu gani kitakachokosekana. Kwa hiyo usikatae. Wewe na yule mzee wenu mliosema ukweli ndio ninaotaka muwepo Januari.

Nakujibu hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa ualimu kwa masafa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate shule ya msingi ifikapo Novemba 1977, na walimu wa kuwatosha hawakuwepo. Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Basi vijana tuliomaliza darasa la saba tulichukuliwa, tukawekwa kwenye shule za vijijini, tukasomeshwa hukohuko kwa masomo ya posta, vipindi vya Redio Tanzania Dar es Salaam, na mkufunzi aliyezunguka vituoni. Sehemu ya siku unafundisha watoto, sehemu iliyobaki unasoma mwenyewe. Mwisho tuliitwa chuoni kwa wiki chache. Walimu wa UPE, yaani wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ndivyo tulivyoitwa, na tumesemwa sana. Mengine yaliyosemwa ni kweli. Lakini kwenye vijiji vya Nzega nilikopangiwa, watu wazima wengi wanaosoma magazeti leo walishikishwa kalamu na mmoja wetu.

Sasa sikiliza nilichokiona kule. Tulioanza pamoja kituoni kwetu hatukumaliza wote, na walioacha hawakuwa wazito kuliko sisi. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akinisaidia Hisabati. Aliacha yeye, nikamaliza mimi. Kilichomwondoa ni kwamba kazi zake hazikurudi. Alikuwa kwenye shule ya mbali zaidi, na mkufunzi hakuwa anafika. Unaandika zoezi usiku kwa taa ya chemli, unalituma, mwezi unapita, wa pili unapita, kimya. La pili unaliandika bila hamu. La tatu huliandiki kabisa, na unaanza kusema shule haikuwa fungu lako. Shule yangu mimi ilikuwa kwenye njia aliyopita mkufunzi na baiskeli yake. Kila karatasi yangu ilirudi, na pembeni pameandikwa neno linaloonyesha kwamba amesoma kweli. Mara moja aliandika, "Umefikiri vizuri, umekosea kujumlisha tu." Sentensi hiyo ilinibakiza kwenye ualimu.

Kwa hiyo, mwanangu, unajiandaa upande usio wenyewe. Usiku unahangaika utawatumia nini. Vitini vimeshaandikwa na watu waliosomea kuviandika. Huna haja ya kuvishinda. Hangaika na utakachowarudishia. Yale maswali mliyoyaacha dukani 2020 hayakuwa na kasoro, ila hayakuwa na njia ya kurudi kwako, na mwanafunzi alilijua hilo tangu anayachukua.

Chukua kalamu tupige hesabu. Wanafunzi 40. Daftari moja ukilisahihisha kwa haki, ukaandika neno moja la maana, ni dakika 10. Hizo ni dakika 400, karibu saa 7, kwa zoezi moja la somo moja. Una masomo mawili, una vipindi vyako vya kawaida, una mtoto mchanga. Ukiahidi zoezi kila wiki kwa kila somo, kufika Februari mabunda yatakulemea na utaanza kuweka tiki bila kusoma. Bora uahidi kidogo: wiki hii Hisabati, wiki ijayo Biolojia, kila zoezi liwe na maswali machache, na lirudi bila kukosa. Azimio lako la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, lipange kwa idadi ya majibu unayoweza kutoa. Najua mwalimu wa taaluma atauliza mada zitakwishaje, maana ni vidato viwili ndani ya mwaka mmoja. Mwambie mada ambazo kitini kinajitosheleza watasoma wenyewe, na wewe utakaa kwenye zile zinazobeba nyingine. Asiyeweza sehemu na namba hasi hataiona aljebra hata ukimwekea mnara wa simu mlangoni.

Kuhusu hizo sauti unazofuta. Unasikika kama barua ya ofisi kwa sababu unahutubia watu 40. Mchague mmoja, umwite moyoni kwa jina, uongee naye. Dakika tatu, jambo moja, na mwisho swali moja ambalo lazima akujibu kabla hujatuma sauti nyingine. Vitini vyao ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo eleza kwa Kiswahili hadi jambo likae, kisha mtajie maneno ya Kiingereza atakayokutana nayo kwenye swali. Akikosea kutamka neno usimkatize. Na ukikohoa katikati au mtoto akilia, acha ilivyo, tuma. Watajua kuna mtu.

Mifano usiitafute mbali. Hao vijana wa dagaa kila alfajiri wanafanya hesabu ya sehemu: mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Mwulize kila mmoja aandike mgao wa chombo chake ulivyo, halafu umbadilishie namba. Atabishana na wewe, na akibishana amesoma. Biolojia ndiyo usiseme. Utakapofika kwenye upumuaji, mtoto wa Dar es Salaam ataangalia mchoro wa matamvua ya samaki kitabuni. Wako ana mgebuka, samaki wa ziwa lenu, mkononi. Mwambie afunue, ahesabu, achore alichokiona, akuletee. Hapo umbali umewapa kitu ambacho darasani mngekiombea bajeti.

Daftari litarudije sasa? Msiegemee WhatsApp peke yake. Miezi ya mvua sola haijazi betri, na simu nyingi za huko ni za kuazima. Lakini boti zinapita. Watu wa mwambao wanatumiana mzigo kwa nahodha tangu zamani, kuanzia mawese hadi hela ya matibabu. Bahasha ya madaftari nayo ni mzigo. Kila kijiji chenye wanafunzi mtafute mtu mmoja mwaminifu wa kuyakusanya na kuyagawa: mwalimu wa shule ya msingi, mhudumu wa afya, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne yuko nyumbani. Huyo si lazima ajue Hisabati. Kazi yake ni kumuuliza mwenzake, "Umeshaandika?" Katika kituo chetu Nzega alikuwa mke wa katibu wa kijiji, mwenye ile redio. Hakuwa amesoma sana, lakini kipindi kikikaribia alituma mtoto kutuita shambani, na ukikosa jioni alikuja kuuliza unaumwa nini.

Siku za kukutana ana kwa ana zipange kwa mwezi wa angani. Wewe ni wa ziwani, unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazina kazi, vyombo vinapumzika. Ukiita watu kituoni siku za giza utawapata mabinti peke yao, tena wachache, kwa sababu nao wana dagaa wa kuanika asubuhi. Ita siku za mbalamwezi. Kisha kuna zile siku za kupumzisha ziwa: tangu 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika umekuwa ukisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kama utaratibu utabaki hivyo, hiyo ndiyo miezi yako ya kufundisha kwa nguvu. Ila ni miezi yenye muda na isiyo na hela, na upepo wa kiangazi unalichafua ziwa. Usimwite mtu apande boti kwa nauli ya kukopa siku ya mawimbi. Ombeni chumba kwenye shule ya msingi ya kijiji cha katikati, na safari hiyo mwende ninyi walimu.

Hapo tunafika kwenye pesa, na hapa naongea kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona walimu wengi wakiliwa hivi. "Tuanze kwanza, mengine yatafuata" si jibu. Ukianza kwa bando lako, Februari itakuwa desturi na Machi itakuwa wajibu wako. Kaeni watatu muandike barua moja kwa mkuu wa shule, nakala kwa bodi ya shule. Andikeni mnachohitaji kwa majina: laini ya simu ya kituo na bando lake, karatasi na kudurufu, nauli za safari za kukutana, na vipindi vyenu vya kawaida vipunguzwe kiasi gani ili saa za kusahihisha zipatikane. Msiandike kwa hasira na msiandike kwa kuomba huruma. Kituo kimekubaliwa, basi kina gharama, na gharama haiwezi kuwa mshahara wa mwalimu. Kijana anayejitolea ndiye wa kulindwa kuliko wote hapo. Kwa kuwa ni mdogo na simu anaijua, kila kitu kitamwangukia, na hana mshahara wa kukatwa. Lisemeni jina lake kwenye barua, mwombe bodi impe posho ya kazi hii. Bodi ikikataa, hamtakuwa na haki ya kumtumia.

Laini ya kituo inajibu pia swali la mume wako, ambalo ni swali la halali na nimefurahi aliuliza badala ya kununa. Namba yako binafsi usiigawe. Simu ya kituo ina saa zake, tuseme saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo inazimwa iwe imepigwa na nani. Ukiongea na mwanafunzi mmoja peke yake, andika kwenye daftari la kituo: tarehe, jina, somo. Mwambie na yule kijana mwenzako afuate hivyohivyo, maana na yeye atapigiwa na mabinti wa umri wake, na sifa ya mwalimu ikishachafuka kijijini haioshwi na maelezo.

Na kumbuka simu anayotumia binti mara nyingi si yake. Ni ya mume, ya kaka, ya baba mkwe. Usitume kwenye simu hiyo neno ambalo mwenye simu akilisoma binti atapata shida. Maneno ya kumtia moyo, maswali kuhusu mtoto wake, hali ya nyumbani, yaweke kwa siku ya kuonana au kwenye pembe ya daftari.

Yule msichana wako wa Hisabati usimsubiri Januari. Mtafute likizo hii ukiwa na nafasi, au umtume mtu. Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliokatishwa masomo na ujauzito kurejea katika mfumo rasmi, mlango upo, lakini mtu wa miaka 20 mwenye mtoto wa kulea huona vigumu kukaa dawati moja na wa miaka 14. Ndiyo maana amejiandikisha kwako. Usimuulize kwa nini hakurudi. Usimwambie jinsi ulivyoumia, huo mzigo si wake. Mpeleke maswali matatu ya sehemu kwenye karatasi, mwambie unataka uone kama bado anawashinda wenzake, na usubiri karatasi irudi. Ikirudi, nayo ijibiwe wiki hiyohiyo. Huenda pia ndiye mtu wako wa kijiji kile. Fikiria hilo.

Mzee wenu asiombe kuondoka, na ninyi msimbembeleze anunue simu janja. Kazi ya masafa ina upande wa karatasi na upande wa kukutana, na huko hakuna kijana atakayemfikia. Mpeni daftari la kumbukumbu: nani ameleta, nani hajaleta, bahasha ya nani imetoka na boti gani. Mpeni vikao vya ana kwa ana avisimamie. Ameona wanafunzi wakipotea kwa miaka mingi kuliko ninyi, atamtambua anayeanza kuteleza kabla jina lake halijapotea orodhani. Nenda kamwambie wewe, faraghani, kwamba siku ile hukucheka. Nadhani hilo litamgusa kuliko barua ya mkuu.

Halafu ninyi watatu mkutane kila wiki, hata chini ya mwembe wakati wa chai, na kabla ya mambo ya ratiba kila mtu aseme wiki ilimwendaje. Ualimu huu una upweke wake. Darasani ukifundisha vizuri unapata malipo papo hapo, unayaona usoni mwa watoto. Huku malipo yanachelewa, na siku nyingine hayafiki. Utakuwa na jioni ambazo umetuma swali na halijajibiwa na mtu hata mmoja. Utahisi umekataliwa. Mara nyingi sababu ni chaji, au dagaa wameingia kwa wingi usiku huo. Na usikubali kuondolewa darasani kabisa. Baki na mikondo miwili mitatu ya kawaida, uendelee kuuona ule uso wa kutafuna kalamu, maana ndio utakaokukumbusha wa mbali wanakwama wapi.

Wengine watakuacha njiani hata ukifanya yote haya. Sikufichi. Mvuvi atahamia ng'ambo nyingine, binti atakatazwa, mwingine atachoka tu. Anayenyamaza muulizie mara mbili kupitia mtu wenu wa kijiji, na daftari lake litunzwe kituoni, lisitupwe, kwa sababu hawa ni watu ambao tayari wamerudi shule mara moja na wanaweza kurudi tena.

Usiku wa leo usirekodi kitu. Lala na mtoto. Kesho muiandike ile barua na muipeleke kabla shule haijafungwa kwa likizo, kwa kuwa wajumbe wa bodi wakishatawanyika Desemba hamtawapata mpaka wanafunzi wenu wako mlangoni. Ikijibiwa, niandikie. Na isipojibiwa niandikie pia, tutazame pa kuipeleka.